Siri ya Mtungi: Uchapishaji wa Kitaaluma kuhusu Jinsia na Ujinsia wa Mwanamke Mweusi, na Funzo Lake kwa Mhakiki

Utangulizi

Swali la usawiri wa mwanamke ni mojawapo ya maswali ambayo mtahiniwa wa karatasi ya Fasihi (102/3) hujiandaa kuyajibu mapema. Majibu yake aghalabu huja yamefungwa tayari: mwanamke ni chombo cha starehe, mwanamke ni mvumilivu, mwanamke ni msaliti, mwanamke ni mwanamapinduzi. Kila hoja hupewa mfano mmoja na safari ikaendelea. Mwalimu aliyesahihisha insha hizo kwa miaka kadhaa atakubali kuwa jibu lile lile linaweza kubandikwa kwenye riwaya yoyote au tamthilia yoyote bila ya kubadilisha chochote isipokuwa majina ya wahusika. Uhakiki unaoweza kuhamishwa hivyo haujaisoma kazi yenyewe.

Tatizo hili si letu pekee. Wahakiki wanawake weusi wa Marekani walikumbana nalo kuanzia miaka ya 1970, walipoanza kuandika kwa mapana kuhusu jinsia na ujinsia wa watu weusi. Makala haya yananuia kuchunguza jinsi taaluma hiyo ilivyojengwa kupitia vitabu na majarida, kwanza nchini Marekani, kisha kwa ufupi barani Afrika, na kueleza funzo linalomhusu mwalimu na mtahiniwa wa Kiswahili. Hoja yetu kuu ni kwamba kimya kilichomo katika kazi ya fasihi kina historia yake. Kuna aliyechapisha, aliyehariri, aliyeogopa na aliyekataa. Mhakiki anapaswa kukisoma kimya hicho kama anavyoyasoma maneno.

Kabla ya kuendelea, tufafanue istilahi mbili ambazo wanafunzi huzichanganya. Jinsia ni cheo, majukumu na matarajio ambayo jamii humpa mtu kwa kumwita mwanamume au mwanamke. Ujinsia unahusu maisha ya mwili na mapenzi: hamu, unyumba, uzazi na uchaguzi wa mwenzi, pamoja na ukatili ambao mwili huo unaweza kutendewa. Mambo haya mawili hukaribiana, lakini si kitu kimoja, kama tutakavyoona.

Kitabu kilichonyimwa mwandishi wake

Mwaka 1861, mjini Boston, kilitoka kitabu kiitwacho Incidents in the Life of a Slave Girl. Kilikuwa tawasifu ya mwanamke aliyezaliwa utumwani katika mji wa Edenton, North Carolina. Msimulizi alijiita Linda Brent. Jina lake halisi lilikuwa Harriet Jacobs, lakini hakulitumia, na sababu yake imo ndani ya kisa chenyewe.

Jacobs anasimulia jinsi baba wa bibi yake mdogo aliyemmiliki, daktari anayemwita Flint, alivyoanza kumsumbua kimapenzi tangu alipokuwa msichana mdogo. Ili kujinasua, aliamua kuwa na uhusiano na mzungu mwingine ambaye hakuwa ameoa, akazaa naye watoto wawili. Baadaye alijificha takriban miaka saba ndani ya kijichumba kilicho chini ya paa la nyumba ya nyanyake, mahali ambapo hakuweza hata kusimama wima, kabla ya kutorokea kaskazini mwaka 1842. Alipoandika habari hizo, wasomaji aliowakusudia walikuwa wanawake wazungu wa kaskazini ambao kwao usafi wa mwanamke kabla ya ndoa ulikuwa kipimo cha utu. Akawaeleza kwamba mtumwa hawezi kupimwa kwa kipimo kile kile anachopimiwa mwanamke huru. Hoja hiyo ilihitaji ujasiri mkubwa wakati huo.

Sasa tuangalie upande wa uchapishaji. Mchapishaji wa kwanza alifilisika kabla ya kitabu kutoka. Wa pili alikubali kwa sharti kwamba mwandishi mzungu maarufu, Lydia Maria Child, aandike utangulizi. Child aliandika utangulizi na pia akahariri mswada. Mchapishaji huyo naye akafilisika, na Jacobs akalazimika kununua mabamba ya chapa na kukitoa kitabu kwa gharama yake. Kwenye ukurasa wa jina palikuwa na jina la mhariri, lakini jina la mwandishi halikuwapo, ingawa ilielezwa kwamba ameandika mwenyewe.

Matokeo yake yalikuwa mabaya. Kwa zaidi ya miaka mia moja, wasomi wengi waliamini kwamba kitabu hicho ni riwaya iliyobuniwa, au kwamba mwandishi wake halisi ni Child. Hata mwanahistoria mweusi John Blassingame, ambaye kitabu chake cha 1972 kiliwafundisha wengi kusoma ushahidi wa watumwa wenyewe, alikitilia shaka na kuona kisa chake kimetiwa chumvi mno. Kisa cha mtumwa mwanamume aliyepigwa mijeledi kilikubalika kwa urahisi zaidi kuliko kisa cha mtumwa mwanamke aliyewindwa kimwili.

Aliyeirejesha haki ya Jacobs ni mtafiti Jean Fagan Yellin. Alizichunguza barua ambazo Jacobs alimwandikia rafiki yake Amy Post, zilizohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rochester, akalinganisha mtindo wake na ule wa kitabu, kisha akathibitisha majina halisi ya watu waliofichwa kwa majina ya kubuni. Makala yake yalitoka katika jarida la American Literature mwaka 1981, na mwaka 1987 Chuo Kikuu cha Harvard kikachapisha toleo jipya lenye ushahidi wote. Tangu hapo Harriet Jacobs ni mwandishi. Alikuwa amefariki mwaka 1897, miaka 90 kabla ya toleo hilo.

Mwalimu aone jambo hapa. Maneno ya kitabu cha 1861 yalikuwapo wakati wote. Kilichobadilika ni chapa, jina na utangulizi, na mabadiliko hayo yakabadilisha maana. Msomaji wa 1950 na msomaji wa 1990 walisoma kurasa zile zile, mmoja akaona hadithi ya kubuni na mwingine akaona ushahidi.

Kimya kama sitara

Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Methali hii inafaa kueleza hatua ya pili ya taaluma hii, ambayo ilihusu kwa nini wanawake weusi wenyewe walinyamaza kuhusu ujinsia wao.

Mwaka 1985 mwanahistoria Deborah Gray White alichapisha utafiti kuhusu wanawake watumwa katika mashamba ya kusini mwa Marekani. Alionyesha kwamba jamii ya wenye watumwa ilimchora mwanamke mweusi kwa sura mbili. Ya kwanza iliitwa Jezebel, yaani mwanamke asiyeshiba mapenzi, ambaye kwa hivyo hawezi kubakwa maana eti daima yuko tayari. Ya pili iliitwa Mammy, yaani yaya mnene, mtiifu, mwenye kuwapenda watoto wa bwana kuliko wake, na asiye na hamu yoyote ya kimwili. Sura hizi mbili zinapingana, lakini zote zilimfaa bwana. Ya kwanza ilimwondolea lawama ya ubakaji, na ya pili ikamwezesha kudai kwamba nyumba yake ilikuwa ya upendo.

Mwaka 1989, Darlene Clark Hine aliandika katika jarida la Signs kuhusu wanawake weusi waliohamia majimbo ya kati ya Marekani. Aligundua kwamba wengi walikimbia si umaskini tu bali pia tishio la kubakwa, na kwamba katika kumbukumbu walizoacha walikuwa wakarimu kwa mambo mengi ila maisha yao ya ndani. Walionekana wazi, kumbe wamejifunika. Hine aliutazama mwenendo huo kama utamaduni mzima, ambao kwa Kiswahili tunaweza kuuita utamaduni wa kujisetiri. Iwapo kila utakachosema kuhusu mwili wako kitatumiwa kuthibitisha kwamba wewe ni Jezebel, basi kunyamaza ni silaha. Evelyn Brooks Higginbotham naye, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu wanawake wa makanisa ya Kibaptisti ya weusi, alieleza siasa za heshima: juhudi za kudai haki kwa kuonyesha mavazi, usemi na mwenendo usio na doa. Alionyesha faida ya siasa hizo na pia gharama yake, maana aliyeshindwa kutimiza kipimo cha heshima, hasa maskini, aliachwa nje.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa neno sitara. Tunalo, na lina uzito. Lakini kazi ya Hine inatudai tuulize swali moja zaidi: sitara hii inamlinda nani? Mwanamke aliyebakwa akinyamaza ili asitiriwe, kimya chake kinaweza kumlinda yeye dhidi ya masengenyo, na papo hapo kikamlinda aliyemtenda. Maana hizo mbili hukaa ndani ya kimya kimoja, na mhakiki anayeona moja tu amesoma nusu.

Nani atachapisha?

Wahakiki hawa hawakuyapata majarida yakiwangoja. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Zora Neale Hurston. Riwaya yake Their Eyes Were Watching God ilitoka mwaka 1937. Inamhusu Janie, mwanamke mweusi wa Florida, na ndoa zake tatu, na inazungumzia wazi hamu ya mwanamke ya kupenda na kupendwa. Richard Wright, mwandishi mweusi aliyekuwa akiinukia, aliishambulia katika jarida la New Masses mwaka huo huo kwa madai kwamba haikuwa na dhamira wala ujumbe. Kwa wahakiki wa mkondo wake, dhamira ilikuwa mapambano ya rangi na tabaka. Mwanamke anayetafuta sauti na mapenzi hakuhesabiwa kuwa dhamira. Hurston alifariki mwaka 1960 akiwa maskini, akazikwa Fort Pierce katika kaburi lisilo na alama, na riwaya yake ikatoweka madukani.

Mwaka 1973 mwandishi Alice Walker alilitafuta kaburi hilo katika makaburi yaliyomea magugu, akaliwekea jiwe, na mwaka 1975 akaandika habari zake katika jarida la Ms. Wakati huo walimu wa vyuo walikuwa wakifundisha riwaya hiyo kwa nakala za fotokopi. Katika mkutano mkuu wa chama cha wasomi wa lugha na fasihi cha Marekani, Desemba 1975, ilipitishwa karatasi ya kukusanya saini za kutaka riwaya ichapishwe upya. Ilirudi mwaka 1978 kupitia shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Illinois, na leo ni miongoni mwa riwaya zinazofundishwa sana nchini humo. Walimu waliosambaza fotokopi walifanya kazi ya uhakiki kabla ya makala yoyote ya kitaaluma.

Mwaka 1977 Barbara Smith alichapisha makala ambayo wengi huyachukulia kuwa mwanzo wa uhakiki wa kifeministi wa watu weusi. Yalitoka katika jarida dogo la wanawake liitwalo Conditions, na wala si katika jarida la chuo kikuu. Alilalamika kwamba wahakiki wazungu wa kifeministi walimsahau mwanamke mweusi, na wahakiki weusi wanaume walimsahau vilevile. Mwaka 1982 yeye na wenzake, Gloria T. Hull na Patricia Bell Scott, walitoa mkusanyiko ambao kichwa chake kinabeba hoja nzima: ukisema wanawake, watu huwaza wazungu, ukisema weusi, watu huwaza wanaume, lakini baadhi yetu tuna ujasiri. Swali la mwanamke yupi lilizaliwa hapo.

Mnamo 1980, kwa pendekezo la mshairi Audre Lorde, Smith alishirikiana na wenzake kuanzisha shirika la uchapishaji la wanawake wa rangi na kuliita Meza ya Jikoni. Jina lilichaguliwa kwa kuwa jikoni ndipo wanawake hufanyia kazi na kuzungumza. Shirika hilo lilidumu hadi miaka ya 1990 na lilikuwa dogo, lakini vitabu vyake viliingia katika mitaala ya vyuo vikuu. Baadaye vyuo vikubwa vilianza kuchapisha wenyewe utafiti wa aina hiyo. Mlango ulibishwa kutoka jikoni.

Mabishano ndani ya nyumba

Ingekuwa makosa kumpa msomaji picha ya kundi lililokubaliana katika kila jambo. Katika makala yake ya 1977, Smith aliisoma riwaya ya Toni Morrison iitwayo Sula (1973), inayohusu urafiki wa wanawake wawili, Nel na Sula. Alidai kwamba riwaya hiyo inaweza kusomwa kwa mtazamo wa wanawake wapendanao. Hakusema kuwa Nel na Sula ni wapenzi. Alisema kwamba urafiki wao ndio kiini cha riwaya, na kwamba riwaya inaikosoa vikali ndoa kama jamii ilivyoipanga.

Deborah McDowell alimjibu mwaka 1980. Aliheshimu kazi ya Smith, lakini akauliza: ikiwa kila kazi inayohoji ndoa itaitwa kwa jina hilo, jina litabaki na maana gani? Alitaka istilahi zenye mipaka na usomaji unaotegemea matini, pamoja na historia iliyoizaa. Mwalimu wa Kenya anaweza kusita kulitaja jambo hili darasani kwa sababu ya mada yake, lakini namna ya kubishana ndiyo funzo. Smith alithubutu kuuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza, na McDowell akamdai ushahidi. Swali na ushahidi ndiyo miguu miwili ya uhakiki. Insha nyingi za watahiniwa husimama kwa mguu mmoja: ama zina madai bila matini, ama zina muhtasari wa matini bila swali.

Ubishi mwingine ulizuka mwaka 1987, Barbara Christian alipochapisha makala yake kuhusu mbio za nadharia katika jarida la Cultural Critique. Kufikia hapo uhakiki ulikuwa umeingia vyuoni na kupata vyeo, na lugha yake ikawa nzito kiasi cha kuwafungia nje hata waandishi wanaohakikiwa. Christian alisema kwamba watu weusi wamekuwa wakitunga nadharia siku zote, ila kwa njia ya masimulizi, methali na vitendawili. Aliuliza wahakiki wanamwandikia nani. Nasi tulio na walimu wanaomaliza shahada na kurudi darasani wakitaja majina ya nadharia kama watu wanaotaja vyeo vya wakubwa, swali hilo linatuhusu. Kumtaja mwananadharia katika insha hakumfanyi mtahiniwa aione Sula wala Maimuna.

Afrika: jinsia bila ujinsia

Barani Afrika, suala la nani anachapisha lina sura nyingine. Kwa muda mrefu maandishi kuhusu ujinsia wa Mwafrika yaliandikwa na watu wa nje, mara nyingi kwa sababu ya magonjwa au idadi ya watu, na kuchapishwa ng'ambo. Hata vitabu muhimu vya wanawake wa Kiafrika vilitokea huko: cha Ifi Amadiume kilitoka London mwaka 1987, na cha Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí kilitolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1997. Hali ilianza kubadilika jarida la Feminist Africa lilipoasisiwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Cape Town, likawa linasomwa bila malipo kwenye intaneti, na Profesa Sylvia Tamale wa Makerere alipohariri mkusanyiko mkubwa kuhusu ujinsia wa Kiafrika mwaka 2011.

Amadiume aliwachunguza Waigbo wa Nnobi, nchini Nigeria, na kueleza jinsi mwanamke mwenye mali alivyoweza kuoa mwanamke mwingine na kuwa mume kisheria. Akaonya kwamba desturi hiyo isifasiriwe kuwa mapenzi ya jinsia moja. Hapa Kenya desturi ya namna hiyo inajulikana miongoni mwa Wakamba, Wanandi na Wakisii, na kusudi lake huwa ni urithi, jina na uzao. Huu ni mfano bora wa kutenganisha istilahi zetu mbili. Mwanamke anayeoa amebadilisha cheo chake cha kijinsia, bila ya suala la ujinsia kuingia.

Oyěwùmí naye alidai kwamba katika jamii ya Wayoruba kabla ya ukoloni, umri ulipanga watu zaidi kuliko jinsia, na akaitumia lugha kama ushahidi: viwakilishi vya Kiyoruba havionyeshi mume wala mke. Wapo waliompinga kwa kusema kwamba lugha isiyotaja jinsia haithibitishi kwamba jamii haina ubaguzi wa jinsia. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuushiriki mjadala huu bila ya kuondoka darasani. Kiambishi a- katika anasoma hakionyeshi jinsia, na maneno kama ndugu, mzee na mgeni hayabagui. Lakini kitenzi hubagua. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Jinsia iliyokosekana kwenye kiwakilishi imejificha kwenye kauli ya kutendwa, na mwanafunzi aliyefundishwa mnyambuliko wa vitenzi anazo zana zote za kuigundua. Katika ndoa tulizotaja hapo juu, mwanamke huoa, na sentensi yenyewe humshtua msikilizaji asiyezijua desturi hizo.

Darasani

Funzo la taaluma hii linaweza kufupishwa kwa maswali manne ambayo mtahiniwa anaweza kuyauliza kuhusu kazi yoyote.

Kwanza, nani anasema? Katika riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, iliyowahi kutahiniwa katika KCSE, Lime na Mwanaheri wanabakwa wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Wanafunzi hulitaja tukio hilo kama mfano wa ukatili dhidi ya wanawake, na hawakosei. Lakini tukio tunalisikia kupitia masimulizi ya baba yao, Kaizari. Mtahiniwa makini ataona kwamba uchungu unaosimuliwa hapo ni pia uchungu wa baba aliyeshindwa kuwakinga wanawe. Kisha atauliza: Mwanaheri anapopata nafasi ya kusimulia mwenyewe, anasimulia nini na ananyamazia nini?

Pili, mwanamke yupi? Katika Utengano ya Said A. Mohamed, nyumba ya Maksuudi imo Tamima aliye mke, Maimuna aliye binti anayefungiwa ndani, na Biti Kocho aliye mtumishi. Nje yupo Farashuu, kikongwe mwenye kisasi. Kuwaita wote mwanamke na kuwapa sifa moja ni kufuta tabaka na umri. Aliyefungiwa na anayemtumikia aliyefungiwa hawana kilio kimoja.

Tatu, sura hii inamfaa nani? Maimuna akitoroka na kuishia kuuza mwili, mtahiniwa huandika kwamba ni kahaba na kufunga hoja. White angetufunza tuulize: Maksuudi, anayewafungia wa kwake huku akiwafuata wa wenzake, anafaidi nini watu wakimtazama Maimuna tu? Kama Jezebel alivyomwondolea bwana lawama, jina la kahaba humficha mteja.

Nne, nini hakisemwi, na kwa sababu gani? Hapa historia ya uchapishaji inaingia. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa kuzungumzia ujinsia wa msichana waziwazi. Kila mwandishi anayejua kwamba kitabu chake kinaweza kuteuliwa au kukataliwa shuleni huandika akiwa na habari hiyo kichwani. Mahali ambapo msimulizi anakatiza tukio la chumbani au kutumia tasfida, mwanafunzi asiandike tu kwamba mwandishi ametumia tasfida. Aeleze tasfida hiyo inamsitiri mhusika yupi.

Aidha, ni jambo la kutia moyo kwamba orodha ya vitabu teule imekuwa na waandishi wanawake kama Pauline Kea, Assumpta Matei na Clara Momanyi. Hata hivyo, kuwapo kwa jina la mwanamke kwenye jalada hakumalizi kazi ya mhakiki. Maswali manne tuliyoyataja yanawahusu waandishi hao vilevile, na kuwauliza ni kuwaheshimu.

Hitimisho

Tumeona kwamba taaluma ya jinsia na ujinsia wa watu weusi haikuanza na nadharia. Ilianza na kitabu kisicho na jina, kaburi lisilo na alama, fotokopi za walimu na shirika lililopewa jina la meza ya jikoni. Nadharia zilifuata, na mabishano yakafuata nadharia. Mwalimu asiye na uwezo wa kununua vitabu vya vyuo vikuu vya ng'ambo, ambavyo bei yake ni ya kutisha, asidhani kwamba uhakiki wenyewe uko mbali naye. Anazo methali, anao mnyambuliko wa vitenzi na anazo riwaya teule kabatini. Tunapendekeza kwamba katika muhula ujao, kabla ya kuwapa wanafunzi orodha ya sifa za mwanamke, mwalimu achague ukurasa mmoja ambapo mhusika wa kike ananyamaza, awaombe waandike aya moja kueleza kimya hicho, na adai ushahidi wa matini kwa kila sentensi. Aya hizo hazitafanana, na katika kusahihisha, hiyo itakuwa dalili ya kwanza kwamba kitabu kimesomwa.